Sinki la Wodi ya Njiti

Sinki la wodi ya watoto njiti lilianza kumeza mate.

Muuguzi aliyelisikia alikuwa amekwisha kufunga koki, na maji yote yalikuwa yameshuka. Alikuwa anakausha vidole kimoja kimoja, kama kawaida yake, ndipo tundu la sinki likafanya glu, taratibu, kama mtu aliyeshiba anayejizuia asicheue. Akalitazama. Akacheka peke yake, akaenda kwa watoto.

Wenzake walimwita Mama Sabuni. Hakuna aliyegusa mtoto mbele yake bila kunawa mpaka viwikoni. Hata daktari akiingia na saa mkononi aliambiwa kwa heshima zote, "Ivue hiyo, baba, kisha upite sinkini." Walimtania kwamba siku akifa, waosha maiti watakuta kazi imekwisha. Alicheka nao, lakini hakulegeza kamba.

Siku chache baadaye mtoto aliyelala karibu na sinki akapandwa na homa, kitovu chake kikatoa majimaji ya kijani. Akafuata jirani yake, kisha mwingine kule upande wa dirishani. Na chumbani kukaingia harufu tamu, ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, ilhali hakuna aliyeruhusiwa kupita pale hata na ganda la chungwa.

Mama Sabuni akakaza. Akaamuru kila mtu anawe mara mbili. Watu wakanawa mpaka ngozi zikapauka, na kadiri walivyonawa, ndivyo watoto walivyozidi kuugua.

Mmoja wa mapacha wawili waliolazwa humo akafa mchana kweupe, jua limejaa madirishani. Mama yao, binti mdogo ambaye wodi nzima ilimwita Mama Pacha, hakupiga kelele. Alibaki kwenye kiti akimkodolea macho yule wa pili. Mama Sabuni alipokuja kumgeuza mtoto, binti akamshika kifundo cha mkono.

"Dada, usinielewe vibaya," alinong'ona. "Mikono yako inanukia."

"Ni sabuni, mdogo wangu."

"Si sabuni. Mwanangu alinuka hivihivi kabla hajaondoka."

Mama Sabuni akaleta viganja puani. Alikuwa ametoka kunawa sasa hivi, na ile harufu tamu ilikuwa imejaa mikononi mwake, nzito, kama mtu aliyekuwa anaponda maembe.

Hakumgusa mtoto. Alirudi kinyumenyume mpaka kwenye sinki, akainama, na pale chini, ndani ya tundu jeusi ambalo kwa miaka yote alikuwa akililisha povu la mikono yake, akaona maji yakipanda na kushuka kama kifua cha mtu anayepumua, akataka kuinuka lakini shingo ikawa nzito, na sauti, ya upole kabisa, sauti ya mgeni aliyekirimiwa vizuri, ikamwambia sikioni: "Ahsante, mama. Mimi sina miguu. Sasa huyu mwingine, utanipeleka kwake lini?"

Muuguzi mkuu alimkuta ameketi sakafuni.

"Umechoka, dada yangu. Nenda nyumbani ukalale."

"Nimechoka, sikatai. Lakini ni mimi niliyekuwa nambeba." Akanyoosha kidole sinkini. "Yumo kwenye bomba. Nikinawa, maji yanaruka kutoka kule chini, ananirukia nayo, halafu namfikisha kitandani kwa mikono yangu mwenyewe. Wahamishe watoto. Nakuomba."

Muuguzi mkuu alitaka kubisha. Sinki likameza mate. Akageuka kuita wenzake.

Watoto wakahamishiwa chumba cha ng'ambo ya korido. Mikono ikasafishwa kwa spiriti, na sinki likazibwa kwa mpira. Jioni homa ya pacha aliyebaki ikaanza kushuka.

Asubuhi, sinki likalia.

Lililia kama mtoto mchanga, kwa njaa na kwa hasira, na kilio kile kikapita chini ya mlango, kikavuka korido, kikamfikia Mama Pacha. Maziwa yakamtoka yenyewe, yakalowesha gauni. Aliinuka kama aliyevutwa kwa kamba, akatembea, na Mama Sabuni akamdaka mlangoni akamkumbatia kwa nguvu zote.

"Niache! Ananiita!"

"Si yeye, mdogo wangu."

"Namjua mwanangu!"

"Mwanao hakuwahi kuwa na nguvu ya kulia hivyo," Mama Sabuni alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka yeye.

Binti akalegea mikononi mwake.

Fundi bomba akaitwa. Mama Sabuni akampa glavu, fundi akazisukumia mfukoni. "Nikivaa hizi sisikii nati, mama. Ni kama kula pipi na ganda lake." Akalaza mgongo chini ya sinki, akafungua. Bomba lilipoachia, likatapika utelezi wa kijani, mnene, uliomwagika juu ya vidole vyake na kujikunja kama kitu kinachotafuta pa kushika. Muuguzi mkuu akaanza kusali kwa sauti ya chini. Mama Sabuni akamimina klorini kali ndani ya tundu la bomba ukutani, ndoo nzima, na ukuta ukapiga yowe lililopasua kioo cha dirisha, likaenda likididimia, chini, chini zaidi, mpaka kukawa kimya. Fundi akaziba tundu kwa saruji.

Harufu ikakatika. Ng'ambo ya korido, pacha wa pili akanyonya kwa mara ya kwanza bila mpira wa kulishia puani, na Mama Pacha akacheka na kulia kwa pamoja.

Mama Sabuni alikuwa anawatazama alipokumbuka glavu. Akakimbilia dirishani.

Kule uani, fundi alikuwa amechuchumaa kwenye bomba la nje, pale wapishi wa hospitali wanapochota maji. Alikuwa anasugua mikono, utelezi ukiteremka kwenye mfereji.

"Fundi! Usinawe hapo!"

Hakumsikia. Alikuwa ameacha kusugua. Aliinamisha kichwa karibu kabisa na tundu la mfereji, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake na mtu asiyemwona.

"Naam?" akasema.