Nyanzobe Amejiunga

Simu ya Ng'washi ilitetemeka kando ya beseni la unga. Akaifuta kwa kanga, akasoma: Nyanzobe anasoma habari hii sasa.

Akairudisha chini. Nyanzobe alikuwa mama mkwe wake, alizikwa kando ya zizi zamani sana, na hata angekuwa hai asingesoma, maana shule ilimpita kando. Alichojua yule ajuza ni kunusa ugoro na kuulizia mambo ya watu.

"Simu za siku hizi," Ng'washi akasema, akaendelea kukata maandazi. Mtu aliyechoka haogopi upesi. Kuogopa nako ni kazi.

Kosa alilifanya mwenyewe, tuliseme mapema tusije tukamsingizia mtu. Mgahawa wake ulikuwa pale Dutwa mabasi yanaposimama, turubai na mabenchi mawili, chumba cha kulala nyuma yake. Alitaka kujua pamba itaanza kununuliwa lini, mvua iko wapi na nani kafa, basi. Akaweka programu ya habari kwenye simu, akidhani ni kama gazeti: unafunua, unasoma, kesho unafungia maandazi. Wapi! Haikumpa hata aya moja nzima. Jisajili kwanza. Jina lako nani. Turuhusu tuone majina yote yaliyo kwenye simu yako. Chagua marafiki wa kusoma nao.

"Kusoma nako kunataka kusindikizwa?" alimuuliza binti yake Scola. "Mimi hata chooni naenda peke yangu."

Scola alicheka huku ameshika tumbo. Mimba yake ilikuwa imekomaa. "Andika jina lolote, mama. Wote wanadanganya."

Jina lake Ng'washi hakutaka kulitoa. Kwao jina la mtu aliye hai haliachwi ovyo kama kandambili mlangoni. Mwenye chuki akiliokota analifanyia kazi. La marehemu aliona halina hasara, nani atamroga mfu? Akaandika Nyanzobe.

Uchovu ulimsahaulisha kwamba jina hilo lilikuwa na mwenyewe anayekuja. Wazee wa ukoo walishakubaliana: Scola akijifungua mtoto wa kike, watachanganya maji na unga wa mtama, watamnyunyizia, watamwita Nyanzobe arudi kwa heshima. Jina la mfu huitwa mbele ya mtoto wa kulivaa. Ng'washi aliliita mbele ya kioo cha simu. Mtoto hakuwapo, na jina likabaki wazi kama nyumba isiyo na mlango.

Programu nayo haikuwa na siri. Iliwatangazia wote waliomo kwenye simu: Nyanzobe amejiunga.

Veronica, muuza dagaa wa jirani, ndiye aliyekuja na shari.

"Mayu, mama wee, umeweka moyo kwenye msiba wa shemeji yangu?"

"Moyo gani?"

"Moyo mwekundu. Watu wanalia, wewe unapenda."

"Sijaweka kitu mimi."

"Basi kaweka mkwe wako, jina si lake?" Veronica akacheka, kisha akagundua anacheka peke yake.

Tangu hapo kukaanza jambo la saa za jua la utosi, pale basi la Bariadi likishapita na barabara ikibaki na nzi tu. Nyuma ya turubai, penye pipa la maji, kuna mtu alikuwa akijifunza kusoma.

"Pa... mba. M... vu... a."

Sauti kavu, ya ulimi unaogandia kwenye kaakaa. Ng'washi alidhani ni mwanafunzi mtoro, akashika mwiko kwenda kumtimua. Alikuta pipa, majivu na kuku mmoja aliyesimama mguu mmoja bila kutikisika. Ila pale palinukia ugoro, ugoro uliolowa, na chini ya ugoro kitu kama nyama iliyosahauliwa juani.

Alirudi jikoni. Mafuta yalikuwa yanaungua.

Siku zilivyokwenda, yule msomaji aliacha silabi akashika maneno, akaacha maneno akashika sentensi, na ikifika saa ile kuku waliingia chini ya benchi wenyewe, na wateja walimeza chai yao haraka bila kujua kwa nini wanaharakisha, na sauti ilisoma bei, ilisoma ajali, ilisoma majina ya marehemu polepole kama mtu anayelamba kijiko.

"Mama, unasikia?" Scola alinong'ona.

"Sisikii."

"Leo anasoma vizuri kuliko jana."

"Nyamaza. Usimsifu."

"Ameniomba urafiki kwenye simu. Sikubonyeza, mama, naapa. Imejikubali yenyewe." Scola akaweka mkono wa mama yake juu ya tumbo. "Na kila akisoma, mtoto anageuka. Anaigeukia sauti."

Ng'washi aliusikia ule mgeuko chini ya kiganja. Scola alikuwa ameshapoteza mimba mbili, na hii ya tatu ilipoingia mumewe alikwenda kutafuta malisho Mwanhuzi akasahau njia ya kurudi. Huyu mtoto ndiye alikuwa amebaki. Hapo sasa uchovu ukampisha woga.

Alipanda basi hadi Mwandoya kwa mganga Maduhu. Alimkuta anatoa kupe kwenye mbuzi.

"Mwadila, baba," akamwamkia.

"Mwadila, mayu. Hiyo simu iache hukohuko kwenye miiba. Usiingie nayo hapa."

Maduhu akamsikiliza hadi mwisho bila kuacha mbuzi.

"Mkwe wako amelala," akasema. "Huyu si yeye. Ni jini la njiani, halina kwao. Limekuta jina halina mtu, limelivaa. Siku mtakapomwitia mtoto jina hilo, litaitika lenyewe, litaingia."

"Nifanyeje?"

"Ulilivalisha kwa mkono, livue kwa mkono. Mtoto mpeni jina jingine, jina ambalo hilo jini halijalipata, na lisitoke nje ya nyumba mpaka kitovu kidondoke. Na likiwa linatoka litakuuliza neno. Usijibu."

"Sitafungua mdomo."

"Sijasema mdomo. Nimesema usijibu."

Akampa majani ya kufukiza. Ndani ya basi la kurudi Ng'washi akachagua jina. Mtoto ataitwa Ng'washi, kama yeye. Jina hilo hakuwahi kuliandika kwenye ile programu.

Kesho yake, jua la utosi, alifukiza mgahawa, akafunga mdomo kwa ncha ya kanga, akaanza kutafuta mahali pa kujitoa. Kuingia kulikuwa na mlango mpana. Kutoka, walikuwa wameuficha kama pombe ya gongo. Alipoupata, simu ikauliza: Una uhakika? Akabonyeza ndiyo. Marafiki zako watakukosa. Ndiyo. Hutajua wanachosoma. Ndiyo, ndiyo, na kila neno lililotokea kwenye kioo lilisomwa nyuma ya turubai kabla jicho lake halijalifikia, kisha likasomwa ndani ya turubai, kisha karibu na shingo yake kwa pumzi ya ugoro na nyama, na moshi ulimchoma macho, na mgongo ulimuuma tangu alfajiri, na alichotaka ni jambo moja tu, limalizike akakae chini.

Simu ikasema: Kwa nini unatuacha? Tuambie.

Pakatokea kisanduku cheupe cha kuandikia. Ng'washi akabana midomo ndani ya kanga, hakutoa hata mguno. Kidole kikaandika chenyewe, kama kilivyozoea kumalizana na wasumbufu: Jina si langu. Mimi Ng'washi.

Akatuma. Harufu ikakatika papo hapo. Kuku wakatoka chini ya benchi.

Wiki hiyohiyo Scola alijifungua salama zahanati, mtoto wa kike. Walirudi nyumbani, wakazima simu zote, na Ng'washi akamnong'oneza mtoto jina sikioni, milango imefungwa. Hakuitwa mzee, hakuambiwa jirani. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alilala kama gunia.

Kitovu kilikuwa bado hakijadondoka Veronica alipokuja mgahawani, jua likiwa utosini, na dagaa wa pongezi kwenye sahani.

"Hongera, mayu! Kumbe mmempa jina lako. Wabinafsi nyie, mnafichaficha."

Mwiko wa Ng'washi ulisimama juu ya mafuta. "Nani kakuambia?"

"Hii hapa," Veronica akasema, akamgeuzia simu yake.

Ng'washi, mtoto wa Scola, amejiunga. Ng'washi anasoma habari hii sasa.

"Sikukujibu kwa mdomo," Ng'washi alisema taratibu, na Veronica hakujua anaambiwa nani.

Kuku waliingia chini ya benchi. Chumbani Scola alikuwa anakoroma, amechoka hoi. Ila kuna mtu huko ndani alikuwa anasoma, kwa sauti ndogo ya mtu asiye na meno, na hakukwama popote.