Mkasi wa Baba na Nchi Kumi na Mbili

Kila Jumamosi mtaa wetu ulifagiliwa. Zamu yetu ikifika, Baba alishika ufagio mwenyewe, maana likibaki jani moja tu, majirani wangetusema mwezi mzima. Ah, ninavyoikumbuka miaka ile, kijijini kwetu Ujerumani, bondeni mwa mto Neckar!

Baba yangu, Gotthilf, alikuwa mhunzi. Alibuni mkasi wa kupogolea mizabibu usiochosha mkono. Mwaka 1989, ofisi ya Ulaya iliyoko Munich ilimpa hataza, yaani hati ya kuwazuia wengine wasiuige ubunifu wake. Tulikula dengu na tambi, chakula kinachopendwa kwetu, tukafurahi wee!

Furaha haikudumu. Baba alitaka hataza itambuliwe katika nchi kumi na mbili, na nyingi zilidai maandishi yote yatafsiriwe kwa lugha yao. Pesa hatukuwa nazo. Basi akaamua kuuza shamba la mizabibu ambalo Mama alirithi kwa mama yake. Mama alilia jikoni, nikamsikia. Roho iliniuma sana.

Jumamosi iliyofuata Bi Roswitha, jirani yetu aliyekuwa karani wa wakili wa hataza, alimkuta Baba akifagia.

"Gotthilf, nasikia unauza shamba. Umerogwa?"

"Mimi sifanyi kazi nusu nusu. Zote kumi na mbili!"

"Haya. Huko Uswidi wanapogoa mizabibu mingapi?"

Baba akafagia palepale mara tatu.

"Na Ugiriki? Umeshauza huko hata mkasi mmoja?"

"Bado."

"Mtafsiri analipwa kwa kila neno, jirani. Kisha kila nchi inadai ada kila mwaka, na ada inapanda. Chagua unakouza, na aliko mtu anayeweza kukuiga."

"Na kwingine wakiniiga?"

"Huko hutawazuia, usijidanganye. Ila mikasi yao haitaruhusiwa kuuzwa kwetu."

Baba alichagua tano: kwetu, Austria na Uswisi, ambako Kijerumani kilitosha, kisha Ufaransa na Italia. Shamba halikuuzwa.

Miaka minne baadaye, Waholanzi wakauiga mkasi. Baba hakuweza kuwazuia, akanuna wiki nzima. Kiwanda kimoja cha Ufaransa nacho kikauiga, lakini barua moja ya wakili ilitosha. Kiliacha, kikaomba kibali cha kuutengeneza kwa malipo.

Mavuno ya mwaka ule, Baba alisimama katikati ya mizabibu, mbele yetu sote.

"Hedwig," alimwambia Mama, "nilitaka kuliuza hili. Nisamehe."

Mama hakugeuka.

"Kata zabibu wewe," alisema, huku machozi yakimtoka. "Mvua inakuja."