Teke Halizunguki Mguu

Kila siku baada ya kipindi cha mwisho, Mshale alivaa soksi za mpira wa miguu na kuzikaza chini ya goti kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Mwalimu wa michezo alimkataza mara tatu. "Unafunga mguu au gunia?" aliuliza. Mshale alitia pamba masikioni.

Jumatatu alikaza zaidi, akakaa hivyo mpaka jioni. Alipovua, mguu wa kulia haukuinuka. Ncha yake iliburuzika sakafuni kama kandambili iliyokatika.

"Umefanya nini?" mama yake, fundi cherehani, aliuliza.

Mshale aliogopa kutaja tyubu. "Nyundo amenipiga teke."

Nyundo lilikuwa jina la utani la beki wa timu yao. Kwa jina hilo, nani angeuliza mara mbili?

Kesho yake mama alifika shuleni kabla ya kengele. "Binti yangu si ukuta wa kujifunzia mateke!" alifoka. Nyundo akaitwa.

"Sikumgusa, mwalimu! Mshale, si useme!"

Mshale alitazama sakafu. Mwalimu akamwondoa Nyundo kwenye timu, na mechi ya fainali ilikuwa Jumamosi.

"Mwongo mkubwa wee!" Nyundo alimwambia Mshale mlangoni, machozi ya hasira yakimtoka.

Kutoka hapo mama alimpeleka Mshale zahanati, kwa mtaalamu wa viungo, mwanamke mmoja asiye na maneno mengi.

"Simama kwa vidole." Mshale akasimama.

"Sasa kwa visigino." Mguu wa kushoto uliinuka. Wa kulia ulibaki umelala.

Mtaalamu alipitisha njiti ya kiberiti juu ya mguu huo. "Unasikia?"

"Kwa mbali. Kama nimevaa soksi."

"Na kwenye unyayo?"

"Huko nasikia vizuri."

Mtaalamu akamgeukia mama. "Misuli ya shavu la mguu, huku nyuma, ndiyo inayomsimamisha kwa vidole. Mshipa wake wa fahamu unapita nyuma ya goti, ndani. Huo ni mzima. Misuli ya mbele, kando ya muundi, ndiyo inayoinua mguu. Mshipa wake unazunguka mfupa mwembamba wa upande wa nje, hapa chini ya goti. Uko karibu kabisa na ngozi, hauna nyama ya kuukinga. Huo umebanwa."

"Si ndipo alipopigwa teke!"

"Teke linaweza, mama. Lakini teke la kiasi hiki lingeacha uvimbe au mchubuko upande mmoja. Mimi naona alama ya mduara. Teke halizunguki mguu." Alimtazama Mshale. "Ulifunga nini?"

Mshale alilia, akasema yote.

"Umenituma nikamtukane mtoto wa mwenzangu!" Mama aliinuka. "Leo hii tunarudi!"

Mtaalamu alimpa Mshale kifaa cha kushikilia mguu na mazoezi ya kila siku. Mshipa ulibanwa tu, haukukatika. Nguvu zingerudi polepole.

Alasiri hiyo Mshale alisimama mbele ya timu, akakiri. Mama alimwomba Nyundo radhi.

"Nimekusikia, mama," Nyundo alijibu, kisha akamkazia Mshale macho. "Wewe uliogopa kugombezwa, ukanitupa mimi. Leo usiniite rafiki."

Hakuna aliyemlazimisha kutabasamu. Jumamosi Nyundo, aliyekwisha kurudishwa kwenye timu, alicheza dakika zote, naye Mshale akatazama kutoka benchi. Wiki sita zilipita kabla hajaweza kusimama kwa visigino vyote viwili.

Lakini siku ile ya kukiri, mwalimu hakuwaruhusu waondoke hivi hivi. Sauti yake ilikuwa kali. "Mimi nilihukumu jina la utani, sikupima jambo. Ni kosa langu, na Nyundo anisamehe. Wewe Mshale, mtaalamu alihitaji kweli ili akutibu, na mwenzako aliihitaji ili asionewe. Uliwanyima wote wawili. Ukiumia, sema umeumiaje, hata kama kosa ni lako. Kugombezwa kunapita siku hiyo hiyo. Mshipa uliobanwa na mtu aliyesingiziwa huchukua muda mrefu zaidi kupona."