Daktari Bingwa wa Maganda ya Tango

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chapuchapu alimpelekea bibi yake kikombe cha maji ya kumezea kidonge cha presha. Aliitwa hivyo kwa kuandika upesi kwenye simu. Vidole vyake vilikimbia hata vivuli vyake vikabaki nyuma. Bibi alipokea kikombe, akanywa, akakirudisha. Kidonge chenyewe Chapuchapu hakukitazama. Alikuwa na haraka.

Siku ya kliniki ilipofika, walikaa kwenye foleni ndefu kiasi kwamba mtu angeweza kuianza na meno ya utotoni akafika mlangoni na mvi. Hatimaye wakaingia. Daktari, mama mmoja mwenye miwani iliyoungwa kwa plasta, alimfunga Bibi mkanda wa kupimia presha. Akapima. Akapima tena. Kisha akafungua pakiti ya dawa.

"Bibi, mbona vidonge vya wiki mbili vimo vyote humu?"

"Vya nini tena? Mimi nimeshapona! Nakunywa maji ya maganda ya tango."

"Nani kakwambia?"

"Jirani yangu, fundi cherehani. Naye katumiwa na mwalimu wa kwaya. Soma mwenyewe!" Bibi akamsukumia simu.

Daktari akasoma kwa sauti: "'Presha haina ubavu mbele ya tango! Kunywa maji ya maganda siku saba, kisha tupa vidonge. Ni mimi, Daktari Bingwa wa Presha.'"

Chapuchapu aliinama akatazama soksi zake. Maneno yale yalikuwa yake. Aliyaandika wiki tatu nyuma kwa mzaha, akawatumia rafiki zake wawili wacheke.

Daktari aligeukia kompyuta. Bibi akawaka.

"Ala! Nimekuja kwa daktari, naye daktari anauliza mashine? Hata mjukuu wangu anajua kubonyeza!"

"Kubonyeza si kazi, Bibi. Kazi ni kujua unamuuliza nani." Daktari akageuza kioo cha kompyuta ili waone. "Siokoti tu jibu la kwanza linalotokea. Hii ni maktaba ya utafiti wa tiba. Natazama nani kaandika, lini, alipima watu wangapi, na kama wataalamu wengine waliikagua kazi yake. Halafu nalinganisha na mwongozo mpya wa matibabu."

Alisoma kimya, kidole kikifuata mistari.

"Sioni popote mgonjwa anapoambiwa atupe dawa kwa ajili ya tango. Sasa tumtafute huyu bingwa." Akafungua orodha ya madaktari waliosajiliwa. "Hayumo. Hana hospitali, hana hata jina."

"Labda kastaafu," Bibi akasema, sauti imepungua.

"Kastaafu!" Daktari alipiga meza, kalamu zikaruka. "Presha imepanda hivi, ungeweza kupooza, na mtu mzima kakaa mahali anacheka! Ningempata leo, mkanda huu ningemfunga mdomoni!"

"Si mtu mzima," Chapuchapu akasema. "Ni mimi."

Bibi aligeuka polepole. "Wewe? Na maji ya kumezea ukaniletea wewe mwenyewe?"

"Nilikuwa natania, Bibi. Nilituma kwa watu wawili tu."

"Na kila mmoja akatuma kwa wake," Daktari akasema kwa ukali. "Bibi yako ni mgonjwa wangu wa tatu wa tango wiki hii. Wa tatu!"

Bibi alimeza kidonge palepale, akaamriwa kurudi kupimwa kila siku. Chapuchapu aliandika ujumbe mwingine, polepole safari hii, akaeleza uongo wake na kuweka jina lake kamili. Jioni walipita nyumba kwa nyumba. Fundi cherehani alimfokea huku pini zikiwa mdomoni, asimeze hata moja. Mwalimu wa kwaya alimfokea kwa sauti ya kwanza na ya pili.

Siku ya tano presha ikateremka. Daktari alivua miwani, akamtazama Chapuchapu.

"Nimesomea kazi hii miaka mingi, na bado sisemi neno mpaka nihakikishe limetoka wapi. Wewe ulijipa ubingwa kwa dakika moja. Jambo la afya usilojua chanzo chake, usilitume, hata kwa mzaha. Anayelipokea hakuoni ukicheka."

Asubuhi iliyofuata Chapuchapu alipeleka kikombe. Safari hii hakuondoka. Bibi alimeza, akafungua mdomo, akainua ulimi juu.

"Haya, kagua. Umeona, Bingwa?"

"Nimeona, Bibi."

"Basi kimbia shule. Na hilo tango jikoni, likate tulile, bila chumvi."