Baba Huruma Atafuta Nyumba Newala

Maria alikuwa anafunga vyombo nyumbani kwao Ndanda. Yeye ni muuguzi, na alikuwa amepata kazi mpya katika hospitali ya Newala. Mumewe, Oscar, ni fundi seremala. Oscar alikaa juu ya godoro lililokunjwa, anakunywa chai na kusimamia kazi ambayo hakuifanya.

"Baba Huruma," Maria alisema, "hiyo nyumba uliyopanga umeiangalia vizuri?"

"Vizuri sana. Kanisa liko pale pale, na shule iko ubavuni mwa kanisa. Nilisimama mlangoni, kengele ikalia. Nikamwambia mwenye nyumba, nimeichukua."

"Na maji je?"

"Mama Huruma, nakueleza habari ya kengele."

Oscar amezaliwa Ndanda. Pale kengele ni ya abasia, nyumba kuu ya watawa. Hospitali ni ya abasia. Hata karakana aliyojifunzia useremala ni ya abasia. Akisikia kengele, haulizi ni ya nani. Na maji yanatelemka yenyewe kutoka mlimani, kwa hiyo hayo nayo hayaulizii. Mtu kama huyo ukimtuma akutafutie nyumba, umejitakia mwenyewe.

Aliyekuwa na wasiwasi ni binti yao, Huruma. Alikuwa na miaka kumi. Alikuwa karibu kumaliza mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, na bibi yake, mama yake Maria, alikwisha kumshonea gauni jeupe.

"Baba, kule nitaendelea au nitaanza upya na watoto wadogo?"

"Utaendelea," Oscar alijibu. Hakuwa amemuuliza mtu yeyote.

Bibi alimtazama mkwewe. "Baba Huruma, umemwona paroko wa huko?"

"Nitamwona Jumapili, mama."

"Watu humwona kwanza, ndipo huhama," bibi alisema, akaendelea kukunja shuka.

Walipofika Newala, bomba la uani lilikuwepo. Maji ndiyo hayakuwepo. Majirani walikuwa na matangi ya kuvunia maji ya mvua kutoka kwenye mabati yao. Nyumba ya Oscar haikuwa na tangi. Maria aliangalia bomba, akaangalia paa, kisha akamwangalia mumewe. Oscar akasema kengele italia muda si mrefu.

Jumapili Maria alikuwa zamu hospitalini. Oscar alimchukua Huruma wakaenda kanisani. Misa ilikuwa nzuri. Palikuwa na ubani, mishumaa na sanamu ya Mama Maria. Watu walifanya ishara ya msalaba. Oscar aliimba kwa sauti kubwa. Hakusikia Baba Mtakatifu wa Roma akiombewa, lakini alidhani padre ana haraka.

Baada ya misa, Padre Isaka alisimama mlangoni kuwasalimu watu.

"Karibuni wageni," alisema kwa furaha. "Mnatoka wapi?"

"Ndanda, Baba Padre."

"Karibuni sana. Mke wangu huyu hapa, Mama Petro. Atawapa chai."

Mama Petro alimpa Huruma kipande cha keki. Oscar hakula. Alimshika mtoto mkono, akaondoka bila kuaga. Moyoni alijiambia kwamba Mungu amemleta Newala kwa sababu, na sababu yenyewe ni kumwarifu askofu.

Nyumba ya jirani, mlango ulikuwa wazi. Mwanamke wa makamo alikuwa anafagia uwanja. Alivaa gauni refu na kitambaa cheupe kichwani, kimefunika mpaka mabegani. Oscar alifurahi. Kumbe jirani yake ni mtawa.

"Shikamoo, Sista."

Mwanamke aliacha kufagia. "Marahaba."

"Sista, kuna jambo zito. Sijui kama mnalijua." Oscar alipunguza sauti. "Padre wenu ana mke."

"Ndiyo. Mama Petro."

"Mnajua?"

"Mji mzima unajua. Tulikula pilau ya harusi yao. Wana watoto wanne sasa, na mkubwa nimemfundisha mwenyewe."

Oscar alishika nguzo ya baraza. "Na wewe, Sista, unasema hivi hivi tu?"

"Baba, kaa kwenye kigoda kwanza," yule mwanamke alisema. "Mimi si sista. Mimi ni Mwalimu Rahima. Huku wananiita Mama Mujibu. Ni Mwislamu, na hii ni hijabu. Padre Isaka ni padre wa Kianglikana. Kwao padre anaruhusiwa kuoa. Hajamficha mtu, wala hajamkosea mtu. Wewe ni Mkatoliki?"

"Ndiyo."

"Basi umesali kwa jirani."

Huruma alikuwa amemaliza keki. Alipoelewa, alianza kulia. "Basi hapa hakuna mafundisho yangu. Nitaanza upya."

Oscar aliona aibu kubwa. Kuchekwa angeweza kuvumilia. Lakini mtoto alimwamini, na yeye alimjibu bila kujua. Jambo hilo lilimuuma.

"Usilie, mwanangu," Mwalimu Rahima alimwambia. "Parokia yenu ipo, upande wa pili wa mji. Shule ya masista ipo pia. Mwanangu Mujibu anasoma pale. Ijumaa anasali msikitini, na nyimbo zote za Krismasi anazijua." Alimgeukia Oscar. "Kabla ya kupanga nyumba ulimuuliza nani?"

"Nilisikia kengele."

"Na shule?"

"Iko karibu na kanisa."

"Hiyo ni shule ya serikali, ninafundisha mimi. Ni shule nzuri, lakini siyo uliyoitafuta. Umeanza na nyumba, ukayafuatisha mengine. Ungeanza na mengine, nyumba ingekuja mwisho."

Maria aliporudi kutoka zamu alimkuta mumewe ameketi na jirani. Oscar alitaka kueleza polepole, kwa heshima. Huruma akamtangulia.

"Mama, baba amemwita Mwalimu sista, halafu amemshtaki padre kwa sababu ana mke."

Maria alicheka mpaka akakalia ndoo. Ilikuwa tupu, kwa hiyo hakulowa. Alipomaliza kucheka aliuliza la maana. "Sasa mwalimu, tufanyeje? Mtoto asipoteze mwaka."

"Kesho nenda kwa katekista," Mwalimu Rahima alisema. "Atataka cheti cha ubatizo, na barua ya parokia mliyotoka kuonyesha mtoto amefika wapi. Muulize pia mwenyekiti wa jumuiya ya Wakatoliki wa mtaa. Yeye anajua nyumba gani ni tupu, ipi ina tangi, na ipi inavuja."

"Na shule?"

"Nendeni siku ya masomo, mkaone watoto wanavyofundishwa. Angalieni vyoo na maji. Ulizeni ada pamoja na michango yote, msije mkashangaa katikati ya mwaka. Halafu mtembee njia ya mtoto kwa miguu, asubuhi ile ile atakayoitembea yeye. Ukipita kwa pikipiki, kila njia ni fupi."

Oscar alisikiliza. Safari hii aliuliza. Aliuliza hata maswali ambayo yalikwisha kujibiwa.

Kesho yake walimkuta Katekista Alfredi nje ya ofisi ya parokia. Alikuwa mtu mpole, lakini hakuwa na maneno mengi.

"Majina ya watoto wa Komunyo ya Kwanza nayafunga Jumapili," alisema. "Bila karatasi, mtoto atangoja mwaka kesho."

Maria alipiga simu Ndanda hapo hapo. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Hakumsema mkwewe. Alisema tu kwamba anachukua kanga yake, anakwenda parokiani. Karatasi zilipanda basi la kwanza.

Jumapili Katekista Alfredi alizisoma, kisha akamsimamisha Huruma mbele yake. "Sakramenti ni ngapi?"

"Saba." Huruma akazitaja zote.

"Daraja Takatifu ni nini?"

"Ni sakramenti ya upadre. Padre wetu haoi." Huruma alimwangalia baba yake, akaona afadhali aeleze vizuri. "Padre Isaka ameoa, na mke wake anajua kupika keki."

Katekista Alfredi alikohoa ndani ya kiganja chake kwa muda. "Mtoto ataendelea na wenzake," alisema. "Baba yake naye anaweza kuja kukaa nyuma kwenye mafundisho, Jumamosi."

Oscar alikuja kweli. Alikalia benchi la watoto, magoti yamefika kifuani.

Mwenyekiti wa jumuiya aliwaonyesha nyumba tatu. Ile waliyochagua haikuwa nzuri kuliko zote. Rangi ilikuwa imebanduka. Lakini tangi lilikuwa zima, hospitali ilikuwa karibu, na Huruma alifika kwa masista bila kuvuka barabara kubwa. Maria alifungua bomba kwanza, ndipo akaingia ndani. Kabla ya kuhama, Oscar alikwenda kwa Padre Isaka kuomba radhi kwa kuondoka bila kuaga. Padre alicheka sana. Mama Petro alimpa keki, na safari hii akaila.

Siku ya Komunyo ya Kwanza Huruma alivaa gauni lake jeupe. Alitembea kwenye mstari na wenzake aliosoma nao. Aliporudi kwenye benchi akapiga magoti, Oscar alilia wazi wazi, wala hakusingizia ubani. Mwalimu Rahima na Mujibu walifika kula pilau. Mama Petro alileta keki.

Jioni bibi alipiga simu. Miguu ilikuwa inamsumbua, hakuweza kusafiri. Alitaka kuongea na mjukuu wake, siyo na mkwewe.

"Umekomunika kanisa gani, mjukuu wangu?"

Huruma alimtajia jina la parokia. Akamtajia jumuiya, na mwenyekiti wake. Akamtajia paroko, akaongeza kwamba hana mke. Akaanza kuwataja na wanakwaya.

"Yametosha, mwanangu," bibi alisema, na sauti yake ilikuwa na machozi. "Nimesadiki."