Meseji Kutoka kwa Malachy

Simu ya mke wangu ilitoa mlio wa meseji nikiwa namenya viazi. Dervla alikuwa nje anafungia kuku. Sikuwa na nia ya kuchungulia, lakini jina nililoliona kwenye kioo lilinifanya niache kisu ndani ya maji.

Malachy.

Malachy ni mume wake wa kwanza. Trekta lilipinduka likamlalia kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba hii hii, miaka minne iliyopita. Kaburi lake nalijua. Siku ya harusi yetu, mwezi wa nne mwaka huu, tulipita kando yake tukitoka kanisani.

Meseji ilisema: "Kesho nakuja saa kumi na mbili kama kila mwaka. Huyo bwana wako asiwepo."

Kesho yake ilikuwa Samhain, siku ambayo huku kwetu Roscommon wafu husemwa kuwa wanarudi makwao. Wanaandaliwa sahani yao, na mlango unaachwa bila komeo. Mimi ni fundi wa mashine za kukamulia maziwa. Habari za wafu kula viazi siziamini. Niliwaza jambo moja tu: mwanamke akitaka kumficha mwanaume kwenye simu, atamwekea jina la marehemu, maana hilo mume hatathubutu kuliuliza.

Dervla akaingia, akaisoma meseji, akatia simu kwenye mfuko wa aproni.

"Nani huyo?" nikamuuliza.

"Watu wa matangazo tu."

Akageukia jiko. Baada ya muda akasema, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, kwamba kaka yangu kule Boyle atawasha moto mkubwa wa sikukuu kesho, na kwamba nimefanya kazi mno wiki hii, niende nikapumzike, nilale huko huko. Yeye atabaki na ng'ombe.

Nikasema sawa. Usiku kucha sikupata usingizi.

Niseme ukweli, wivu ulikuwa umenianza kabla ya hapo. Barua bado zilikuja kwa jina la Malachy. Majirani wakielekeza mtu kwetu walisema, "Nenda hadi kwa Malachy, kata kushoto." Koti lake lilitundikwa nyuma ya mlango, nami nililisogeza kila siku nipate pa kuweka langu. Ukimwonea wivu mtu aliye hai, unaweza kumfuata mkazozana. Yule sikuwa na pa kumfuata. Sasa angalau nilikuwa nimempata mwanaume wa kugombana naye.

Kesho yake saa kumi nikamuaga mke wangu na kumbusu. Nikaendesha gari maili mbili, nikaliegesha nyuma ya ghala bovu, nikarudi kwa miguu. Njia panda nikawakuta wale wa vinyago wakijiandaa, majirani sita, mashati meupe juu ya makoti, kofia ndefu za mabua zikifunika uso mpaka kifuani. Mila yao ni kuingia nyumba kwa nyumba bila kusema neno, mpaka wenye nyumba wamtambue kila mmoja kwa jina. Kulikuwa na kofia na shati vya ziada. Nikavivaa, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Nyumba yangu ilikuwa ya tatu. Kwenye dirisha Dervla alikuwa ameweka taa ya tanipu, ule mzizi mnene wa mviringo, aliyoichonga macho na meno, na kupitia hapo niliiona meza. Viazi vya kupondwa na kabeji, siagi ikiyeyuka katikati. Mkate wa zabibu umekatwa. Kwenye mgongo wa kiti cha karibu na moto lilining'inia koti la Malachy. Nikasema moyoni, leo leo.

Tukaingia.

Kwenye kile kiti hakuwepo mtu. Sahani ilikuwa inafuka moshi mbele ya koti tupu. Upande wa pili wa meza alikaa mwanamke mzee, kofia yake bado kichwani, macho mekundu. Nilimjua. Alikuwa Attracta, mama yake Malachy, aliyerudisha kadi yetu ya harusi bila kuifungua.

Dervla akaanza kubahatisha majina, na kila aliyetambuliwa alivua kofia akapewa tufaha na njugu. Nikabaki mimi. Dervla alizunguka nyuma yangu, akarudi mbele, akainamia mikono yangu yenye grisi isiyotoka kwenye kucha. Kicheko kikamkauka.

"Fintan," akasema.

Majirani waliaga haraka haraka. Nikavua kofia, mabua yakinimwagikia mabegani.

"Ulikuja kunifumania?" Dervla akauliza, sauti ya chini.

"Niliona meseji."

"Ukashindwa kuniuliza?"

"Nilikuuliza. Ukasema ni watu wa matangazo."

Attracta ndiye aliyenijibu, akitoa simu mfukoni na kuiweka mezani.

"Namba ni ya mwanangu. Nailipia mimi isije ikapewa mtu mwingine, nikapiga nikasikia sauti isiyo yake. Dervla nilimwambia nitakuja kukaa na Malachy kwa sharti moja, nisikuone wewe. Usimlaumu."

"Nimekukosea nini, mama?"

"Hujanikosea. Mwezi wa sita nilipita barabarani nikawasikia mnacheka humu ndani. Nikarudi nyumbani nikalala siku mbili. Wivu tu, bwana. Kwa umri wangu huu."

Nikamwambia kwamba mimi nimemwonea wivu mwanawe tangu siku ya kwanza, hata koti lake. Attracta akasukuma kiti cha tatu kwa mguu.

"Kaa ule," akasema. "Chakula kinapoa."

Tulikula pamoja. Baadaye nikalifuata gari kwa miguu, nikamrudisha kwake. Niliporudi, Dervla alikuwa bado jikoni, mikono kwenye beseni, amenipa mgongo.

"Nilikosea kukudanganya," akasema. "Lakini ukinivalia kinyago tena nitakufungia nje. Kama una swali, uliza kwa mdomo wako."

Nilikuwa nalo moja, la miezi mingi.

"Ulimpenda kuliko mimi?"

Alifunga bomba, akageuka.

"Malachy nilimpenda nikiwa na miaka ishirini na mbili, sijajua kwamba mtu anaweza kutoka kwenda malishoni asirudi. Wewe nimekupenda nikiwa najua. Na kila asubuhi ukiwasha gari, nasimama hapa dirishani mpaka nisilisikie tena."

Sikuwahi kujua kwamba anasimama pale.