Kiswahili cha Kuuzia Samaki

Kila asubuhi moshi ulijaa nyuma ya nyumba ya Mable, pale Nchelenge. Mable aligeuza samaki juu ya uchanja, mmoja mmoja, wasiungue. Mume wake, Watson, alikuwa amelala. Usiku kucha alikuwa ziwani na nyavu zake.

Samaki walikuwa wazuri. Shida ilikuwa kuwauza.

Wanunuzi wengi walitoka Kilwa, ng'ambo ya Ziwa Mweru, upande uliotawaliwa na Wabelgiji. Walikuja kwa mashua, na walisema Kiswahili. Mable alijua Kibemba tu. Zamani shangazi yake, Matildah, ndiye aliyezungumza nao. Sasa shangazi alikuwa amehamia Luanshya kwa binti yake.

Basi Mable alisimama kimya. Mnunuzi akitaja bei, yeye aliitikia kwa kichwa. Halafu mnunuzi alidai matabishi, yaani samaki wa kuongezewa bure. Mable hakujua kusema, "Basi, inatosha." Mnunuzi alichukua, akachukua tena.

"Mke wangu, tunalisha Kilwa nzima," Watson alisema. "Mvua zikianza na wewe bado husemi, nitampa Jairos kazi ya kuuza."

Jairos aliwauzia wavuvi wengine samaki wao, na alijua Kiswahili vizuri. Lakini kila alipouza samaki wa mtu, alijichagulia kwanza walio wanene. Mable alikuwa akiwavisha watoto kwa kile alichopata pwani ya ziwa. Hakutaka kazi hiyo itoke mikononi mwake.

"Nitajifunza," alisema kwa sauti ndogo.

Aliazima kitabu cha nyimbo za kanisa, cha Kiswahili. Binamu yake alimletea kitabu kingine kutoka Elisabethville, mji wa upande wa Wabelgiji, kinene kama tofali. Mable alifunga mlango, akasoma bila kutoa sauti. Aliona haya majirani wakimsikia. Leo alifungua kitabu hiki, kesho kile.

Siku moja mnunuzi alimfikia pwani. Mable alivuta pumzi, akasema maneno aliyoyajua:

"Ee msafiri uliyechoka, njoo upate pumziko!"

Yule mtu alivua kofia, akainamisha kichwa. Alidhani wanaanza kusali. Wenzake walicheka mpaka mashua ikayumba. Mable aliacha kapu lake, akakimbilia nyumbani.

Jirani yake alimkuta analia jikoni. Watu walimwita Bana Chalwe, yaani mama wa Chalwe. Alizaliwa Kilwa, akaolewa Nchelenge. Alipofika hakujua neno moja la Kibemba. Sasa hata kugombana aligombana kwa Kibemba.

"Bana Chalwe, walinicheka!" Mable alisema.

"Kama walicheka, basi walikusikia. Jana hawakukusikia kabisa. Lete hivyo vitabu."

Alifungua kile kinene.

"Mwanangu, hiki kinafundisha watu wanaojua Kifaransa. Unajua Kifaransa?"

"Hapana."

"Basi mrudishie binamu yako. Kitabu kinaweza kuwa kizuri na kisikufae wewe. Kabla hujachukua kitabu, soma ukurasa mmoja. Kama huelewi karibu chochote, kiache kwanza."

"Na hiki cha nyimbo?"

"Hiki kaa nacho. Nyimbo hizi unazijua kwa Kibemba, kwa hiyo utaelewa. Lakini uimbe kwa sauti! Ulimi haujifunzi mlango ukifungwa. Halafu, kuna samaki ndani ya nyimbo hizi? Kuna bei?"

Mable alicheka huku machozi yakiwa bado mashavuni. "Hakuna."

"Basi maneno ya kazi yako utayapata kazini. Kesho nitakuja tukigeuza samaki."

Asubuhi alikuja. Aliinua samaki mmoja, akauliza kwa Kiswahili cha Kilwa:

"Hii iko namna gani?"

"Iko... mukavu."

"Sema usikike mpaka kwa Watson!"

"Iko mukavu!"

Watson aligeuka kitandani, akanung'unika. Wanawake wakacheka.

Walifanya hivyo kila asubuhi, kwa muda wa kugeuza samaki tu. Kwanza walirudia maneno ya jana. Kisha waliongeza machache, si mengi. Mable alitaka mengi zaidi, lakini Bana Chalwe alikataa.

"Ukila ugali wa wiki nzima leo, utalala unaumwa tumbo. Kidogo kila siku."

Kulikuwa na siku Mable alichoka, akataka kuacha. Siku hiyo walirudia ya zamani tu, bila neno jipya. Hakuruka siku.

Mchana Mable alikwenda pwani bila kapu. Alisimama karibu na wanaouza, akasikiliza. Neno asilolijua alilibeba kichwani mpaka kwa Bana Chalwe. Alijifunza pia kusema, "Baba, sema tena polepole." Hayo yalimsaidia kuliko maneno mengine yote, maana watu walirudia bila kukasirika.

Mawingu ya mvua yalianza kukusanyika juu ya Kisiwa cha Chisenga. Watson alibeba makapu mpaka pwani, akasimama nyuma ya mke wake. Jairos naye alikuja, akangoja pembeni.

Mnunuzi mmoja alipindua samaki. "Mama, samaki yako iko kidogo."

"Iko kidogo kwa macho, baba. Ndani ya sufuria itakuwa mukubwa," Mable alijibu.

"Anasema nini?" Watson alinong'ona.

"Anasema samaki wako ni wadogo."

"Wadogo! Mwambie—"

"Nyamaza, bado tunazungumza."

Mnunuzi alitaja bei. Mable alitikisa kichwa. "Ongeza, baba." Yule mtu aliongeza. Wakapatana. Kisha mnunuzi akanyoosha mkono. "Na matabishi?"

Mable alimpa samaki mmoja. Mkono ulirudi kapuni.

"Basi, inatosha!" Mable alisema. "Ingine nitakupa siku utaoa binti yangu. Na yeye angali ananyonya!"

Mashua nzima ilicheka. Mnunuzi pia alicheka, akatoa mkono kapuni.

Jairos alimsogelea Watson. "Ndugu yangu, mvua zimefika. Nianze lini kukuuzia?"

Watson aliinua kapu tupu, akaliweka begani.

"Mwenye kuuza ni yule pale. Kamuulize mwenyewe," alisema. "Na umuulize kwa Kiswahili. Anataka mazoezi."